Tusifungie kinu ndani ya kioo

Mu mkutano wa mwisho wa shirika letu komite ilituletea karatasi mbili, na zote mbili zilitukasirisha. Karatasi ya kwanza ilitoka kwa wazee. Wanaomba shirika linunue kabati yenye vioo, ndani yake viwekwe kinu, michi, jiwe la kusagia, ungo na chungu cha udongo, kila kitu na jina lake chini. Halafu siku ya sikukuu nyimbo za kutwanga zipigwe ku bafle kutoka mu telefone, kwa sababu, wanasema, mabinti hawajui tena kuziimba. Karatasi ya pili ilitoka kwa vijana waliosoma umeme. Wao wameandika kwamba Ulaya, Marekani na Japani maenjenieri wanatengeneza vyombo vya nyumbani vinavyotambua kama mtu ana furaha ao huzuni, vinavyofuata sauti yake na muziki wake, na kwamba sisi watu wa desturi hatuna neno la kusema juu ya mambo kama hayo. Kazi yetu ni kungojea tu mpaka vifike sokoni.

Watu walipigia makofi karatasi ya kwanza, wakacheka ya pili. Sisi hatukupiga makofi wala hatukucheka. Tuliomba nafasi mu kijitabu hiki ili tuseme wazi kwamba karatasi zote mbili zimekosa mahali pamoja: zote zinachukua kinu kama maiti. Wazee wanataka kukizika vizuri, vijana wamekwisha kukisahau. Kumbe mambo ambayo vijana wanayatafuta mbali, kwa heshima zote tunazowapa hao maenjenieri, yalikuwa mu uwanja wa nkambo zetu, na mengine yako hata leo.

Tuanze na sombe, maana juu ya sombe kila mtu wa Kalemie anaweza kutusahihisha. Saa kumi ya mchana ukitembea kutoka Kataki mpaka Katanyika utasikia bado, nyumba moja hapa, nyingine pale, mchi unapiga. Zamani ilikuwa kila nyumba. Majani ya muhogo yanalegezwa kwanza kwa moto ao kwa maji ya moto, yanatiwa mu kinu, na wanawake wawili ao watatu wanasimama kukizunguka. Mchi mmoja unashuka wakati mwingine unapanda. Mtu ambaye hajawahi kutwanga anafikiri wimbo ni wa kufurahisha kazi tu. Hapana. Michi mitatu mu kinu kimoja, bila mwendo mmoja, itagongana, na yule anayeingiza mkono kurudisha majani yaliyoruka ataumia vidole. Wimbo ndio unasema nani anashuka sasa. Tena mwendo haukai namna moja: mwanzoni majani yangali mazima, ukipiga kwa nguvu yanaruka inje, kwa hiyo wimbo unaenda polepole, yakiisha kutoa maji wimbo unaharakisha, mwishoni unarudi chini, mchi unasukuma na kuzungusha kuliko kupiga. Na kinu chenyewe kinajibu. Sauti yake kavu ya kwanza inageuka kuwa nzito, yenye maji, na mama aliyezoea hatazami ndani kujua kama sombe imeiva kwa kutwangwa. Anasikiliza.

Basi hapo kuna nini? Kuna chombo cha nyumbani, kuna muziki unaokiongoza, kuna jibu linalorudi kwa mtu ili abadilishe muziki. Kama kijana wetu angesoma maneno hayo mu kitabu cha Kifaransa angeyaandika mu daftari na kuyapigia mstari.

Lakini hatujafika ku hisia. Nyuma ya ukuta wa matete kila jirani alikuwa anasikia. Mchi unajulikana kama mwendo wa mtu. Nkambo akikaa ku mkeka anasema: "Leo yule mke wa mtoto wangu hayuko sawa." Hajamwona. Amesikia mchi unaopiga peke yake, mzito, bila kungoja mwenzake. Na zaidi ya mchi kulikuwa na maneno. Bibi arusi ambaye hawezi kumwambia mama mkwe usoni kwamba amechoka, kwamba bwana yake harudi usiku, kwamba unga wa nyumba unapelekwa mahali pengine, anaweza kuyaimba mu kinu. Jina la mtu halitajwi. Wote wanajua. Na desturi ilikuwa hivi: neno lililosemwa mu kinu halijibiwi kwa ngumi. Linajibiwa kwa wimbo mwingine, ao kwa mabadiliko ya kimya, siku mbili tatu baadaye.

Hii si ndoto ya mwalimu anayependa mambo ya zamani. Huko Malawi mtaalamu Enoch Timpunza Mvula aliandika mu mwaka 1985 juu ya nyimbo za kutwanga za Watumbuka, akionyesha namna wanawake walivyozitumia kushughulikia matata ya jamaa. Malawi si mbali. Ziwa lao na ziwa letu yako mu ufa mmoja wa dunia. Na hapa Kongo yenyewe, ku upande wa pili wa inchi, karibu na bahari ya Atlantiki, Wawoyo wa Kongo ya Chini na Kabinda walikuwa na jambo ambalo tungependa kila mtoto wa shule alijue. Walichonga vifuniko vya mti vya kufunikia chakula, na juu ya kifuniko sanamu ndogo ndogo: ndege, chungu, mtu amekaa, kombe la bahari. Kila sanamu inakumbusha methali. Mke mwenye neno moyoni halisemi. Anachagua kifuniko. Bwana anakula na wanaume wenzake, sahani inafika, kifuniko kinaonekana, na wote pale wanasoma. Bwana analazimishwa kujieleza mbele ya marafiki zake kabla ya kugusa chakula. Vifuniko vingi kati ya hivyo viko leo mu jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mbali na chakula chochote. Wazee wetu wa kabati ya vioo wafikiri kidogo juu ya hiyo.

Na msiseme mambo hayo yamekwisha. Mama akivaa kitenge kile ambacho wachuuzi wanakiita Jicho la Mbanda, na akapita mbele ya nyumba fulani mara mbili ku siku moja, nani mu Kalemie haelewi?

Sasa tugeukie karatasi ya vijana. Tulicheka kwa nini? Waliandika mambo ya kweli. Mu mwaka 1997 mwanamke mmoja Mwamerika, Rosalind Picard, wa chuo cha MIT, alitoa kitabu akisema kwamba ordinatere zinapaswa kufundishwa kutambua hisia za watu, na tangu hapo kazi hiyo imekuwa somo zima. Mu chuo hicho hicho, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwingine aitwaye Kelly Dobson alichukua miksere ya zamani, mashini ile ya kusagia matunda, akaitilia mikro na ordinatere, akaipa jina Blendie. Miksere hiyo haingoji kidole. Unapaswa kunguruma. Ukinguruma chini, kwa sauti nzito, inazunguka polepole; ukipandisha sauti, inapandisha mbio. Ordinatere inapima urefu wa sauti yako na kuipa motere nguvu ya kulingana nayo, mpaka mtu na mashini wanaimba noti moja. Wakati karatasi ilipofika hapo ndipo mkutano ulivunjika kwa kicheko. Mzee mmoja aliiga mngurumo. Lakini sisi tuliona kitu ambacho tulikuwa tunakijua: mtu anatoa sauti, chombo kinatoa nguvu, nguvu inarudi ku sikio la mtu. Huyo Dobson, mbali sana na sombe, alikuwa anatafuta kinu. Mzee aliyeiga mngurumo aliuiga vizuri, na tunafikiri miksere ingemtii.

Mambo mengine ya karatasi ni madogo. Mashini za kufulia za Samsung zinapomaliza kazi zinapiga wimbo wa Schubert juu ya samaki wa mito ya Ulaya. Sisi watu wa mikebuka na ndagala hatuna ugomvi na samaki huyo, lakini wimbo unaopigwa baada ya kazi kwisha haukusaidia kazi. Japani, tangu 2001, kampuni ya Zojirushi ilitoa chombo cha kuchemshia maji ya chai ambacho kinawapelekea watoto wanaokaa mbali habari za namna mzazi mzee anavyokitumia. Kama mzee hajachemsha maji tangu asubuhi, mtoto anajua kuna neno. Hii tuliiheshimu. Ni kazi ile ile ya jirani aliyekuwa anasema, "Mbona leo sijasikia mchi wa nkambo?" Tofauti ni kwamba jirani angeingia.

Hapa tunafika ku jambo linalotuuma, na vijana wetu hawakuliandika kabisa. Vyombo hivi viko vya jamaa mbili. Jamaa ya kwanza inangojea mtu aseme. Jamaa ya pili inamchungulia. Mu 2014 kampuni ya Amazon ilianza kuuza kisanduku kinachokaa mezani na kusikiliza nyumba, kikingoja kuitwa jina lake. Mu 2020 kampuni hiyo hiyo ikatoa bangili iliyosikiliza sauti ya mwenye kuivaa na kumwambia kama sauti yake ilikuwa ya furaha ao ya kukasirika. Mu 2023 wakaacha kuihudumia. Mu 2021 kampuni ya muziki Spotify ilipewa hati ya haki kwa wazo la kusikiliza sauti ya mtu ili kukisia hali ya moyo wake na kumchagulia nyimbo. Angalieni vizuri mwendo huo. Mama mu kinu anachagua wimbo ili moyo wake ujulikane kwa watu anaowataka. Hapa mashini inajichagulia yenyewe kujua moyo wa mtu, halafu inamchagulia yeye wimbo. Mambo yamegeuzwa miguu juu.

Tena, je, inajua? Mu 2019 wataalamu watano, pamoja na Lisa Feldman Barrett, walitoa uchunguzi mkubwa baada ya kusoma kazi zaidi ya 1000 juu ya uso na hisia. Walikuta kwamba mtu aliyekasirika anakunja uso chini ya mara 30 juu ya 100, na kwamba watu wanakunja uso kwa sababu nyingine nyingi. Mu 2022 Microsoft walitangaza kwamba wanaacha kuuza programu yao ya kusoma hisia mu uso. Sisi hatukuhitaji uchunguzi wa 2019. Tulete mashini hiyo ku matanga hapa Kalemie. Muziki unapiga usiku kucha. Watani wa marehemu wanacheza, wanamwiga namna alivyokuwa anatembea, wanacheka mpaka machozi. Mjane amekaa chini hasemi, uso wake hauonyeshi kitu, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mashini itaandika: watu hawa wana furaha, na mwanamke huyu hana neno. Hisia zetu zinapita mu desturi kabla ya kufika mu uso. Anayetaka kusoma uso bila kusoma desturi anasoma barua kwa kutazama bahasha.

Wazungu wenyewe wameanza kuogopa. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya akili ya mashini, ya mwaka 2024, imekataza kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za afya ao usalama, na katazo hilo linafanya kazi tangu tarehe 2 mwezi wa pili 2025. Kazini na shuleni. Jikoni hapakutajwa. Na sisi, ambao vyombo vinatufikia vikiwa vimetumika miaka mitano kwa wengine, tutavipata pamoja na masikio yao.

Tena tusijifanye hatuhusiki. Koltani inayochimbwa Kisengo, mu teritware ya Nyunzu, na kasiterite ya Manono iliyochimbwa tangu ukoloni, zinaingia mu telefone na ordinatere za dunia nzima. Lithium ya Manono leo inagombaniwa na makampuni ya mabara matatu. Jiwe linatoka kwetu bubu, linarudi lina masikio, na bado tunaambiwa kwamba hatuna neno la kusema juu ya masikio hayo!

Tulipoyasema haya mu mkutano tulijibiwa, na jibu halikutoka kwa wazee wala kwa vijana. Mama mmoja anayeuza unga sokoni alisimama akatuuliza: "Ninyi walimu, mko natwanga lini?" Watu walicheka tena, safari hii walitucheka sisi. Aliendelea. Akasema mikono yake ilikuwa na malengelenge tangu akiwa na miaka saba, mgongo wake hauponi, na siku mashini ya kusagia mahindi ilipofika mtaa wao hakulia juu ya wimbo wowote. Akasema pia kwamba nyimbo zile tunazozisifu zilikuwa za watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kusema, na kwamba yeye leo, akiwa na neno, anasimama na kulisema mu mkutano kama hivi.

Tulikaa na maneno hayo siku nyingi. Ni ya kweli, na mwenye kuandika juu ya kinu bila kuyaweka ndani anadanganya. Hatuombi hata mama mmoja arudishe mgongo wake ku mchi ili sisi tupate desturi. Lakini tunamuuliza mama naye: je, wote wanasimama? Mu mkutano ule walikuwa wanawake sita, na aliyesema ni mmoja. Wengine neno lao linapita wapi sasa? Ku mashini ya kusagia mtu anafika na beseni yake, motere inapiga kelele, hamsikiani hata kwa kupigana masikio, unalipa, unaondoka. Mashini imechukua uzito, na hiyo ni vizuri sana. Imechukua na mdomo. Hakuna mtu aliyeamua iwe hivyo. Ni kwamba yule aliyeitengeneza, mahali fulani, hakufikiri kwamba mu kazi ile kulikuwa na mdomo.

Na hapa ndipo tunawadai vijana wetu, si kuwacheka. Ninyi mliojifunza motere na waya, mnangojea nini? Tazameni ile mashini ya kusagia sombe inayotumika mu masoko siku hizi. Inakata majani kama nyama. Mama zetu wanasema ladha si moja, na wana haki ya kukasirika, maana kutwanga si kukata. Jani la muhogo lina kitu kinachoitwa linamarini, ambacho kinaweza kutoa sumu ya sianidi. Ukiliponda jani vizuri, chembe zake zinapasuka, kimeng'enya kilicho mu jani lenyewe kinaigusa linamarini na kuivunja, sumu inatoka mapema, halafu mpiko mrefu unaiondoa. Mchi ulikuwa unafanya kemia. Mashini inayotaka kuurithi mchi inapaswa kuponda, na kuponda kwa mwendo unaobadilika: polepole, haraka, polepole, kama wimbo ulivyokuwa unasema.

Hiyo si ngumu kushinda nguvu zenu. Motere ndogo, mkono wa chuma unaoinua mchi na kuuachilia, na kitu cha kuupa mwendo. Kitu hicho kiwe nini? Kiwe mguu unaopiga ubao, kiwe makofi, kiwe sauti ya mwenye kuimba inayoingia mu mikro ya telefone ya zamani iliyovunjika kioo. Kuna kadi ndogo za umeme, kama ile Arduino iliyotoka Italia mu 2005, ambazo mwanafunzi anaweza kuzifundisha kuhesabu mapigo na kuamuru motere. Mama anaimba, mchi unashuka. Akinyamaza, mchi unanyamaza; kinu hakijawahi kutwanga peke yake, na hicho ndicho kilichotulinda vidole. Wawili wakitaka kuimba na kujibizana, mashini inangojea zamu. Haiandiki kitu. Haina intaneti. Neno lililosemwa ndani yake linafika ku ukuta wa jirani na kuishia hapo. Na umeme ukikatika, maana umeme wetu unatoka mbali, kule Bendera ku mto Kyimbi, na unajulikana tabia yake, basi mtu atoe mkono wa chuma, aingize mchi wa mti, aendelee kwa mikono mpaka urudi.

Mtasema: nani ataamini kitu kilichotengenezwa Kalemie kwa vipande vya telefone? Tunawajibu kwa kundi la Konono No. 1 la Kinshasa. Baba Mawangu Mingiedi, aliyefariki 2015, alikuwa na likembe, chombo cha nkambo zake, na mu kelele za mji likembe haikusikika. Hakuiweka mu kabati. Yeye na wenzake walijitengenezea mikro, kwa sumaku zilizotolewa mu vyuma vya magari ya zamani, wakatumia vipaza sauti vya tarumbeta na vipande vya chuma na masufuria kama ngoma. Sauti ikatoka imechafuka, inanguruma. Wangeweza kuona aibu. Lakini mpigaji likembe tangu zamani anafunga pete ndogo za chuma ku meno ya likembe ili ivume, kwa hiyo sikio lao lilikubali mngurumo kama kitu cha nyumbani. Diski yao ya Congotronics, ya katikati ya miaka ya 2000, ilisikilizwa Ulaya na Marekani na watu waliofikiri wanasikia muziki wa mwaka ujao. Na huku kwetu Katanga, kabla yao, wakati wa akina Mwenda Jean Bosco, gitaa ilifuatwa na chupa inayogongwa. Chupa ya nyumbani, tupu. Nani alisema vyombo vya nyumbani havijui muziki?

Kwa wazee tuna neno lingine, na tunawaomba watusamehe kama ni kali. Ninyi mnasema mabinti hawajui kuimba mu kinu. Kweli. Lakini ku shule tunakofundisha tuliwauliza wanafunzi wa darasa la tano: nani amefundishwa wimbo mmoja wa kutwanga na mtu wa nyumbani? Mikono miwili iliinuka mu darasa zima. Tukauliza: nani ameomba kufundishwa? Mikono kumi na moja. Hao tisa waliomba kwa nani, na walijibiwa nini? Mmoja alisema nkambo yake alimwambia, "Wewe soma, hiyo ni mambo ya mashamba." Msitwambie basi kwamba vijana wamekataa. Na bafle haitafundisha. Wimbo wa kutwanga uliotolewa ku telefone una mwendo mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Haujui kama majani yamelainika, haujui kama bibi arusi analia. Ukiupiga siku ya sikukuu mbele ya kabati, watoto watapata picha ya kwamba nkambo zao walikuwa wanaimba bila sababu.

Kuna mwanashirika mmoja aliyetuambia pembeni kwamba tunaleta vita kwa ajili ya sombe. Labda. Mji huu umepoteza mambo makubwa kuliko nyimbo: tuliona Filtisaf, kiwanda cha nguo kilicholisha mitaa mizima, kikinyamaza, na watu waliokuwa wanajua kila sauti ya mashini zake wakizeeka bila kumfundisha mtu. Hatukuweza kufanya kitu juu ya kiwanda. Juu ya kinu tunaweza, gharama yake ni ndogo, na wale wanaojua wangali hai, ingawa ku mazishi ya mwaka huu tumehesabu watatu waliopungua.

Kwa hiyo tunaiomba komite isitie sahihi ya kununua kabati. Fedha hizo zigawanywe: nusu iwe ya vijana wa umeme, wanunue motere moja, kadi moja na chuma, nusu iwe ya kuwalipa mama wanne wanaojua nyimbo, siku ya posho mchana, wakae na mabinti na vijana hao pamoja, sombe ya kweli ndani ya kinu cha kweli, ili anayetengeneza mashini asikie kwanza anatengeneza nini. Tunasema kuwalipa. Mama yule wa unga tumekwisha kumwomba awe mmoja wa wanne. Amesema atakuja kama walimu nao watashika mchi, na sisi tumekubali mbele ya mashahidi.

Jambo la mwisho ni dogo. Kinu cha shirika kiko na ufa upande mmoja, seremala anasema kitafungwa kwa waya na kitafaa. Michi ilikuwa mitatu. Tangu sikukuu ya mwaka jana tunaona miwili tu. Aliyeuazima wa tatu aurudishe kabla ya posho.